Njia ya Kumpokea Mama Mkwe

Makumira, Jumatatu, 1 Machi 1909

Leo Tabitha ameteleza. Mvua ya jana ilikuwa ndogo tu, ya kutuliza vumbi, lakini mteremko wetu hauhitaji mvua kubwa ili umwangushe mtu. Alikuwa anashuka kutoka barabarani na mtungi kichwani, akaketi kwenye tope, mtungi ukavunjika, naye akabaki pale chini ameshika tumbo huku anacheka. Nilimwinua. Aliendelea kucheka mpaka tukafika mlangoni, ndipo akaanza kulia. Hakuumia, na mtoto anacheza tumboni kama kawaida. Nimeweka mkono nikamsikia mwenyewe.

Alichokuwa analilia ni mama yake. Mtoto wetu wa kwanza atazaliwa baada ya Pasaka, masika ikiwa imeshika kwelikweli, na kwetu Meru uzazi wa kwanza wa binti ni kazi ya mama yake mzazi. Yeye ndiye anayempokea mtoto, yeye ndiye anayepika mtori, na yeye ndiye anayemfungia mzazi ndani mpaka apate nguvu. "Mama ana ule mguu wake mbovu," Tabitha aliniambia. "Mimi mwenye miguu mizima nimeanguka. Yeye atafikaje hapa?"

Mama Anyesi, mama mkwe wangu, anakaa ng'ambo ya Mto Malala. Sijawahi kuongea naye hata neno moja. Huo si ugomvi, ni heshima: kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Nikimwona anakuja naingia migombani, nampa mgongo mpaka apite, naye anajifunika nguo usoni. Tumebatizwa wote, lakini jambo hilo halikutoka na maji ya ubatizo, wala sikutaka litoke. Namjua kwa kikohozi chake na kwa ndizi anazotuletea.

Basi mimi ni fundi matofali. Nimefyatua matofali ya nyumba za watu mpaka mjini Arusha. Halafu mama mkwe wangu ashuke kwangu kwa makalio? Nitajenga njia kutoka barabarani mpaka mlangoni, ya tofali na mawe, katikati ya bustani ya Tabitha. Daftari hili nimelinunua kwa Mhindi mjini ili niandike kazi inavyokwenda, maana najijua: nikishamaliza kazi nasahau taabu yake na kuongeza chumvi.

4 Machi

Udongo wa kule bondeni ni mzuri, unashika mkononi kama ugali wa mwanamke anayejua kupika. Nimefyatua tangu asubuhi. Mgongo unalalamika, lakini mgongo haujawahi kunipenda.

6 Machi

Nimempata Lemburis. Huyu ni Mwarusha wa Elerai aliyekuja huku na punda wake kubeba mizigo ya walowezi, akanogewa na ndizi zetu, akabaki. Atanibebea mawe kutoka Mto Usa. Ana maneno mengi kuliko mawe. Aliangalia mteremko, akaangalia kamba niliyotandaza, akaniuliza kama ninajenga njia au ninawapimia siafu barabara. Nikamwambia asubiri aone.

9 Machi

Matofali.

10 Machi

Matofali.

14 Machi, Jumapili

Baada ya ibada Mlima Meru ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni. Matofali mabichi yamepangwa uani hayajakauka. Nilitoka kanisani kabla ya watu kumaliza kusalimiana, mzee wa kanisa Naftali akaniita sikuitika, nikakimbia mpaka nyumbani kuyafunika kwa majani ya migomba. Mvua ikanyesha kwa jirani. Kwangu haikudondoka hata tone. Tabitha amenicheka mchana kutwa, nami nikacheka naye, lakini majani sikuyaondoa.

20 Machi

Tumewasha tanuri juzi na leo tumelifungua. Ee Mungu, ungeona rangi ile! Ya chini yameungua yakawa meusi, machache yamepasuka, lakini yaliyobaki ni mekundu na ukiyagonga yanalia kama kengele ya kanisa. Tabitha alichukua moja akalinusa. Alisema tangu apate mimba hakuna harufu aliyoipenda kama hii. Baadaye nilimkuta anatafuna kipande. Nimemwachia, tuna mengi.

25 Machi

Sasa niandike jinsi njia yenyewe ilivyo, kwa sababu najivuna na hakuna wa kunizuia.

Niliwahi kujenga ukuta kwa Mdachi mmoja kule Usa, na katika bustani yake kulikuwa na njia ambayo mvua haiwezi kuifanya kitu. Siri yake ni kuinuliwa. Njia inakaa juu, maji yanakaa chini. Basi nami nimechimba mifereji miwili mirefu, mmoja huku na mmoja huku, yenye kina cha magoti. Udongo wake nimeurundika katikati na kuushindilia. Kingoni nimesimamisha mawe ya mtoni, katikati natandika matofali kwa kuyalaza mshazari. Upana ni wa mtu mmoja mwenye mzigo, maana upana zaidi ni matofali zaidi. Pale katikati ya mteremko kuna lile jiwe kubwa kuliko nyumba, ambalo babu zetu walishindwa kuling'oa. Njia yangu inalizunguka kwa kona nzuri sana. Mbele ya mlango nitatandika uwanja mdogo wa matofali yenye nakshi, ili Mama Anyesi akifika atue mzigo mahali pakavu.

Lemburis alitembea juu yake huku amenyoosha mikono. Aliniambia kwamba kwao hata mbuzi ana nafasi zaidi ya kupita. Nikamjibu kwamba mbuzi wao hawajui kutembea kwa mstari.

31 Machi

Masika imefika. Inanyesha kama mtu aliyekuwa na hasira ya mwaka mzima. Nilisimama mlangoni nikaiangalia njia yangu. Mifereji inanguruma, maji mekundu yanakwenda zake bondeni, na juu pale matofali yamelowa tu, yanang'aa. Nilipiga kelele ya furaha mpaka kuku wakakimbia.

8 Aprili, Alhamisi

Nimemaliza. Uwanja wa mlangoni umenichukua siku nyingi kuliko njia nzima, lakini nakshi yake inafanana na mkeka.

11 Aprili, Pasaka

Bwana amefufuka, na nusu ya waumini wamekuja kukanyaga njia yangu. Mzee Naftali alishuka, akapanda, akashuka tena, huku mikono iko mgongoni kama askari wa boma. Wanawake walivua viatu wasivyo navyo, yaani walipangusa miguu kwanza. Tabitha alikaa mlangoni na tumbo lake, akapokea sifa zote kana kwamba yeye ndiye aliyefyatua. Sijawahi kuwa na siku njema namna hii.

13 Aprili, Jumanne

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba mtu hawezi kuinua uso. Nilitoka na jembe begani kwenda kuzibua mfereji kule juu, nimejifunika jani la mgomba, nimeinamisha kichwa. Nikafika kwenye lile jiwe kubwa, nikapinda kona. Na kutoka upande wa pili akapinda mtu aliyebeba mkungu wa ndizi, naye ameinamisha kichwa vilevile.

Tuligongana. Mkungu ulinipiga kifuani, jembe likaruka, yule mtu akayumba kuelekea mferejini, na mimi, bila kufikiri hata kidogo, nikamkamata mikono miwili na kumvuta kwangu. Tukasimama hivyo tumeshikana, pua kwa pua. Akakohoa.

Ndivyo nilivyoiona sura ya mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya jicho, na macho yake ni macho ya Tabitha. Sikutakiwa kuyajua hayo.

Nilimwachia kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Nilitaka kuruka pembeni, lakini pembeni gani? Huku mfereji wa maji yaendayo kasi, huku jiwe. Nilijibanza kwenye jiwe nikafumba macho kama mtoto anayedhani akifumba macho haonekani. Nyuma yake alikuwa Resiato, mdogo wake Tabitha, amebeba kibuyu cha maziwa. Nilimsikia anasema polepole, "Shemeji, sasa umefanya nini?" Nilipofumbua macho Mama Anyesi alikuwa amekwisha kujifunika uso mzima na kugeuka. Alipanda mteremko kwa ule mguu wake mbovu, hakuanguka, hakuteleza hata kidogo. Njia yangu ilimpandisha salama mpaka barabarani, akarudi kwake.

Ndizi zilichukuliwa na maji. Tabitha alikuwa mlangoni, ameona yote.

14 Aprili

Tabitha hasemi.

15 Aprili

Leo amesema. Aliniuliza kama nilipokuwa napima upana wa njia nilimpima na mama yake, au nilipima matofali tu. Kwetu kila njia ina migomba pembeni, mtu anaingia humo, mkwe anapita, maisha yanaendelea. Mimi nimechukua njia ya Mdachi, ambaye hajui mama mkwe wake anakaa nchi gani, nikaileta nyumbani kwangu na mifereji yake. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu mwenyewe hajazaliwa bado.

Halafu akalia, na kilio hiki hakikuwa cha hasira. Alisema anaogopa. Dada yake wa kwanza alifariki akijifungua, na aliyemshika mkono wakati ule ni mama yao. "Sitaweza bila yeye, Aminieli. Nakwambia kweli, sitaweza."

Nimekaa nje chini ya paa mpaka nguo zikalowa. Nina hofu, naandika bila kuficha.

16 Aprili

Lemburis amesikia habari. Alicheka mpaka akamshikilia punda ili asianguke. Nikamuuliza kwa nini hakunionya, naye ni Mwarusha, na kwao mambo ya mkwe ni makali kuliko kwetu. Akasema alidhani nina njia nyingine nyuma ya nyumba. Ni nani, aliniuliza, anayejenga mlango mmoja kwa simba wawili?

18 Aprili, Jumapili

Mzee Naftali amekubali kuwa mjumbe. Nimempa jani la sale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, na kondoo jike mnene. Akasema njiani atanisifia njia yangu. Nimemwomba asiitaje kabisa.

19 Aprili

Amerudi. Mama Anyesi amelipokea sale na kondoo amefungwa zizini. Hana kinyongo. Lakini njia ile hataikanyaga tena, maana kilichotokea mara moja kitatokea mara ya pili, na akikutana nami tena hivyo atakufa kwa aibu. Uchungu ukimshika bintiye, atakuja akae barabarani juu, aombe Mungu hapo.

Barabarani juu! Tabitha aliposikia alijilaza akaelekea ukutani. Nilichukua sururu nikatoka kwenda kuibomoa njia yote. Nilikuwa nimeshang'oa tofali moja ndipo Tabitha akaniita kutoka mlangoni. Alisema ukibomoa, mama atashuka kwenye tope na kuvunja mguu wa pili, na hapo hatutakuwa tumemheshimu zaidi. "Usimtafutie mama yangu pa kupita," alisema. "Yeye anapo. Jitafutie wewe pa kujificha."

Nimekaa na neno hilo jioni yote. Mwanamke huyu angekuwa fundi, mimi ningekuwa mchanganya udongo wake.

20 Aprili

Mpango ni huu: nitaweka madaraja madogo juu ya mfereji, kila yanapohitajika, na ng'ambo ya kila daraja nitatandika kisimamio cha mtu mmoja ndani ya migomba. Mimi ndimi nitakayetoka njiani, kama inavyotakiwa. Na kona ya jiwe kubwa nitaizungushia kichochoro changu mwenyewe, kwa nyuma.

Shida ni matofali. Kwa mvua hii tofali halikauki hata ukilala nalo. Mto Usa umejaa, punda hawezi kuingia kuchota mawe. Matofali yaliyopo karibu na mimi ni yale tu ya uwanjani mlangoni.

21 Aprili

Nimeung'oa uwanja wangu wa nakshi. Uliniuma, sitadanganya. Ila nilipofika nusu nikaona kwamba ninapiga mluzi.

22 Aprili

Lemburis ametuletea mapande ya mawe bapa aliyoyatoa kwenye zizi lake la zamani. Hakuyauza wala hakuyasema. Pia ameleta kengele ya ng'ombe, kubwa, ya chuma. Nilidhani ni ya kutundika mlangoni. Akanivisha shingoni. Kwa maelezo yake, dume linalozurura lazima lisikike. Tabitha alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akashika tumbo, akaniambia nisimchekeshe asije akazaa kabla mama hajakubali.

24 Aprili, Jumamosi

Mama Anyesi hakuamini maneno matupu, akamtuma mumewe aje kuikagua njia. Baba mkwe wangu, Mzee Solomoni, ni mtu mkavu asiyecheka ovyo. Alifika, akaisoma njia kimya kutoka juu mpaka chini, halafu akamwomba Tabitha nguo.

Akajifunika kichwa. Akasema, "Sasa mimi ni mama mkwe wako. Njoo na kengele yako."

Watu walikuwa wamekusanyika pale barabarani, maana habari haifungwi kamba. Mzee alipanda juu, akaanza kushuka akichechemea mguu wa kushoto na kukohoa, na naapa kikohozi kilikuwa chenyewe. Mimi nikatoka mlangoni, kengele inalia. Nikasikia kikohozi, nikavuka daraja, nikaingia kisimamioni, nikageuza mgongo. Akapita. Tukarudia, safari hii kwenye kona ya jiwe. Akasimama ghafla, nikasimama, sikujua yuko wapi. Nikaingia kichochoroni na kutokea ng'ambo wakati yeye ametokea upande mwingine, na hatukuonana. Mara ya tatu alikimbia. Mzee wa umri ule, na nguo kichwani! Nilivuka daraja kwa kuruka, kengele ikanipiga kidevuni, watu wakalala chini kwa kicheko.

Alipofika chini alivua nguo, akaikunja vizuri, akamrudishia Tabitha. "Nitamwambia mama yako," alisema. Nilimwona mabega yake yakitikisika alipokuwa anaondoka.

25 Aprili

Hakuna jibu. Mvua.

26 Aprili

Mvua. Tabitha anatembea ndani ya nyumba, anashika ukuta, anatembea tena.

27 Aprili, Jumanne

Uchungu ulimshika asubuhi wakati anamenya ndizi. Nilimtuma Lemburis kwa Mama Anyesi, akaenda mbio hata punda hakumchukua. Wanawake wa jirani walikuja na kuniondoa ndani. Tabitha alikuwa anamwita mama yake. Sikutaka kusikia na sikuweza kwenda mbali nisisikie.

Nilipanda mpaka kwenye jiwe kubwa, nikaingia kichochoroni kwangu na kusimama nimeupa mgongo ulimwengu, mvua ikinishukia shingoni. Nilitikisa kengele ili ajue nilipo na kwamba sitoki. Niliitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Niliomba. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sina uwezo nayo.

Kisha nikasikia miguu juu ya matofali. Mmoja mzito, mmoja mwepesi. Kikohozi. Miguu ikapita nyuma yangu, karibu kabisa, hata nikasikia harufu ya maziwa na moshi wa nguo yake. Haikusimama. Iliteremka, ikateremka, na kutoka ndani nikasikia Tabitha anapaza sauti, "Mama!"

Hapo nililia, mimi na kengele yangu.

Jua lilitoka mchana kidogo, na vigelegele vikatoka nalo. Ni msichana. Wote wawili wazima. Lemburis alinibeba mgongoni akanizungusha bustanini, tukakanyaga maharage yote ya Tabitha.

28 Aprili

Nimemwona. Resiato alimleta mlangoni amefungwa nguo nyeupe. Ana mdomo mdogo wenye madharau. Nampenda kupita kiasi.

2 Mei, Jumapili

Mvua imepungua, leo imenyunyiza asubuhi tu. Mama Anyesi anatawala nyumba yangu. Mimi nalala kwa Lemburis, naleta kuni, naleta maji, naleta ndizi za mtori, nakiacha kila kitu kisimamioni nitikise kengele niondoke. Sijawahi kuamrishwa namna hii, wala kufurahi namna hii.

Mchana huu nilikuwa nje, nyuma ya ukuta, napasua kuni. Nikamsikia anatoka na mtoto kuota jua, akaketi upande wa pili wa ukuta uleule. Nikasimamisha shoka. Nilitaka kuondoka, ila kuondoka kwangu kungeiliza kengele na kumwamsha mtoto, basi nikatulia.

Akakohoa. Halafu akaanza kuongea na mjukuu wake, kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika kwa mtoto wa siku tano.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kuni zake ni mbichi, zinatutoa machozi."

Nilishika mpini wa shoka. Miaka miwili tangu nimwoe Tabitha, na hilo ndilo neno la kwanza. "Mwanangu," nilisema kwa ukuta, "mwambie bibi yako kesho nitaleta kavu."

Nikasikia anambembeleza.

"Mwambie baba yako vilevile," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "siku ile kwenye jiwe, nilikuwa nakwenda na maji. Mfereji ule ungenichukua na mguu huu. Mwambie alinishika vizuri."

Nilijipangusa uso kwa kiganja kilichojaa vumbi la kuni. Mwishoni nikasema, "Mwanangu, mwambie bibi yako ahsante." Nilisubiri. Upande wa pili wa ukuta Mama Anyesi alikuwa anacheka taratibu, kwa sababu mjumbe wetu alikuwa amelala fofofo.